Kihisi cha glukosi na damu ya mbuzi: namna ninavyokijaribu kabla ya kukiamini

Kihisi kikiwaka vizuri kwenye bafa, wanafunzi hupiga makofi na kutaka kuandika ripoti siku hiyohiyo. Mimi huwaambia wakae kwanza. Bafa ni maji yenye chumvi tulizopima wenyewe. Plazima ya mbuzi, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli, ni mchuzi uliopikwa na mtu mwingine, na hujui ametia nini.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Morogoro, mwaka wa kumi na sita sasa nashika pipeti. Ninachoeleza ni namna ya kujaribu kihisi cha protini kinachotoa mng'ao wa kijani kikikutana na glukosi, tukikitumia kwenye plazima ya mbuzi. Kama shida yako ni kujua sukari tu, usijisumbue: nunua vitendanishi vya heksokinasi, kimeng'enya cha kawaida cha kupimia glukosi, utapata jibu kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulichagua glukosi makusudi, kwa sababu jibu lake la kweli linapatikana pia kwa njia nyingine. Ukianza kujifunza na metaboliti, yaani kemikali ya mwilini, isiyo na kipimo cha kulinganishia, kihisi kikikudanganya huna wa kumuuliza.

Kwanza ukijue chenyewe. Ni protini mbili zilizounganishwa kuwa moja. Ya kwanza imetoka kwa bakteria E. coli, na kazi yake ya asili ni kudaka glukosi na galaktosi. Ina pande mbili zinazojifunga sukari ikiingia kati, kama chaza anavyofunga magamba. Ya pili ni ile protini ya kijani ya yavuyavu wa baharini, ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962 na kwa ajili yake akapata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2008. Wolf Frommer na wenzake walifungua njia kwa kihisi cha maltosi mwaka 2002, kisha cha glukosi mwaka uliofuata. Vile vilitumia protini mbili za rangi tofauti. Chetu kina moja tu, iliyopachikwa ndani ya ile inayodaka, hivyo chaza akifunga, mwanga huongezeka.

Protini ya asili hushika glukosi kwa ukolezi mdogo sana, sehemu ya mikromola moja tu kwa lita (mikromola elfu moja ni milimola moja). Kwa damu hiyo ni sawa na kupima gunia la mahindi kwa mizani ya sonara. Chetu kimebadilishwa mdomoni ili kishike kwa ulegevu, na tulipokipima kilifika nusu ya mng'ao wake kwenye mikromola 60. Shika namba hiyo, maana ndiyo inayoamua uzimue sampuli mara ngapi. Mbuzi mzima ana glukosi ya milimola 2.8 hadi 4.2 hivi kwa lita, chini ya binadamu, kwa sababu bakteria wa tumbo lake la kwanza huchachusha sukari ya majani kuwa asidi fupi za mafuta, na glukosi yenyewe hutengenezwa na ini. Milimola 3 ukizizimua mara 50 unapata mikromola 60. Hapo kihisi kiko katikati ya uwezo wake, mahali ambapo badiliko dogo la sukari linaonekana wazi.

Kukizalisha sitakusimulia sana. Bakteria, usiku mmoja kwenye nyuzi 18, safu ya nikeli ya kunasia protini, basi. Ila mambo mawili watu huyaruka. Moja, protini hii hutoka kwa bakteria ikiwa imeshashika sukari, na hutoka kwenye safu ikiwa imejaa imidazoli, kemikali ya kuing'olea kwenye nikeli. Tunaifanyia dayalisisi, yaani kuiosha ndani ya mfuko wenye vitundu vidogo, mara tatu, lita nzima ya bafa kila mara, kwa siku mbili. Mara ya kwanza tulifanya moja tu, tukalalamika kwamba kihisi ni hafifu, kumbe kilikuwa kimeshashiba kabla hatujakipa kitu. Pili, rangi ya kijani huchukua muda kukomaa na inahitaji oksijeni. Baada ya kusafisha, iache kwenye friji nyuzi 4 siku mbili ndipo uanze kupima. Ukiharakisha, mng'ao utakuwa unapanda wenyewe siku hadi siku, nawe utadhani umegundua jambo.

Bafa ndiyo iliyotusumbua mwezi wa kwanza. Protini inayodaka ina chembe ya kalsiamu iliyojibana ndani yake, ikiishikilia isilegee. Kwa hiyo tunaweka kloridi ya kalsiamu milimola 1, na kwa sababu hiyohiyo hatutumii bafa ya fosfati: fosfati na kalsiamu hukutana na kutoa ungaunga mweupe unaotawanya mwanga. Tunatumia bafa ya MOPS milimola 20 yenye chumvi ya kawaida milimola 100, pH 7.4. Tris, bafa nyingine, ipo kabatini na ni rahisi, lakini pH yake hushuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi joto moja inayopanda, na vihisi vya aina hii huona badiliko la pH kana kwamba ni sukari.

Na hapa ndipo tyubu ya damu inapoingia. Kwa mazoea, damu ya kupima sukari huchukuliwa kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi na oksalati. Tukafanya hivyo. Sampuli ikigusa bafa, ukungu. Floridi hunasa kalsiamu, oksalati hunasa kalsiamu, na vyote viwili huanguka kama vumbi la chokaa ndani ya kisima, kile kishimo cha sahani ya kupimia. Tyubu ya zambarau ina EDTA, ambayo nayo hunyonya kalsiamu. Ukiwa umezimua mara 50 na bafa ina kalsiamu ya kutosha, utapona, lakini ukizimua kidogo tu utakuwa umeing'oa ile chembe kwenye protini. Baada ya kuhangaika tukahamia tyubu ya kijani, ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo haina ugomvi na kalsiamu.

Ila heparini haizuii seli kula sukari. Damu ya binadamu ikikaa mezani kwa joto la kawaida bila kutenganishwa hupoteza asilimia 5 hadi 7 ya glukosi kila saa, na kwa mbuzi sikutaka kubahatisha. Tunakwenda bandani na boksi la barafu, tyubu inaingia kwenye barafu papo hapo, na ndani ya nusu saa imeshazungushwa kwenye sentrifuji na plazima imetolewa. Usiitegemee sana hata ile floridi: inakizuia kimeng'enya kilicho mbali kwenye mnyororo, kwa hiyo seli huendelea kula kwa saa moja au mbili ndipo zinyamaze.

Mzee anayetunza mbuzi aliniuliza siku moja, "Mama, hizi chupa zote, mbuzi umemwachia ya kutembelea?" Nikamwonyesha kwamba kisima kimoja kinakula chini ya tone. Hiyo ndiyo faida halisi ya kihisi hiki: mtoto wa mbuzi wa siku mbili unaweza kumpima mara sita kwa siku bila kumkausha.

Lakini chukua damu kwa upole. Seli nyekundu za mbuzi ni ndogo kuliko za mifugo wengine tuliowazoea na hupasuka upesi. Bomba la sindano lenye unyevu wa maji, sindano nyembamba kupita kiasi, kuvuta kwa pupa, vyote hukupa plazima ya rangi ya juisi ya rozela. Himoglobini, ile protini nyekundu ya seli, ikimwagika hunyonya mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 415, na tena karibu na 541 na 577. Mng'ao wetu wa kijani unatoka kuanzia 510 na kuendelea, kwa hiyo himoglobini inakula mwanga wako kabla haujafika kwenye jicho la mashine. Watu wenye vihisi vya kuwashwa kwa mawimbi mawili, 405 na 485, hupenda kusema kwamba uwiano wa mawili hayo hujisawazisha wenyewe. Kwenye bafa, kweli. Kwenye plazima nyekundu, 405 iko jirani kabisa na 415, himoglobini inalipiga wimbi moja kuliko jingine, na uwiano wenyewe unapinda. Nimeshuhudia mbuzi akionekana ana sukari maradufu kwa sababu hiyo tu.

Sasa sahani. Nyeusi, visima 96. Visima vya pembezoni vyote najaza maji tu, maana hukauka haraka kuliko vya katikati. Plazima naizimua kwanza mara kumi, mikrolita 20 kwenye 180 za bafa, kisha nachukua mikrolita 40 za hiyo naongeza 160 za bafa yenye kihisi. Unaweza kudondosha mikrolita 4 za plazima moja kwa moja ukapata hesabu ileile, lakini sijakutana na mkono wa binadamu unaorudia mikrolita 4 za kitu kinachonata mara thelathini bila kuyumba. Kihisi chenyewe kwenye kisima kiwe nusu mikromola. Kikiwa kingi kinaanza kumeza sukari unayotaka kuipima.

Joto: mashine yetu ya kusomea sahani inajua kupasha tu, haijui kupoza. Tuliandika nyuzi 25 kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 31 na kiyoyozi kimezimika. Asubuhi majibu haya, alasiri majibu yale. Sasa tunaweka 37 mwaka mzima na tunasubiri dakika kumi sahani ipate joto lote. Toboa mapovu kwa ncha ya sindano safi, moja kwa kila kisima. Povu moja tu linatosha kuharibu kisima.

Mchirizo wa viwango, yaani mchoro wa mng'ao dhidi ya glukosi tunayoijua kiasi chake, tunauchora kwa glukosi 0, 10, 20, 40, 80, 160, 320 na 640 mikromola kisimani, kila kimoja mara tatu. Usiulazimishe uwe mstari ulionyooka. Unapanda haraka kisha unalala, na mlinganyo wake ni rahisi: mng'ao ni mng'ao wa mwanzo, jumlisha ongezeko la juu kabisa likizidishwa kwa ukolezi na kugawanywa kwa jumla ya ukolezi na ile namba ya nusu, 60 yetu. Kompyuta yoyote yenye lahajedwali inaweza kuutafuta. Kikomo cha chini nakipata kwa kusoma visima kumi visivyo na sukari, wastani jumlisha mara tatu ya mtawanyiko. Kwa damu hakitusumbui.

Hadi hapo umejaribu kihisi ndani ya bafa. Kazi ya kukijaribu ndani ya plazima inahitaji visima ambavyo wanafunzi huviona kama kupoteza plazima. Kwanza, plazima bila kihisi. Plazima ina mng'ao wake yenyewe, riboflavini kwa mfano hung'aa palepale kwenye kijani, na lazima uutoe. Pili, plazima na kihisi kilichokufa, yaani protini ileile ambayo asidi amino moja mdomoni imebadilishwa isiweze kushika sukari. Kikipandisha au kushusha mng'ao, hilo ni pH, rangi, au uchafu. Bila hiki kipofu wetu, ningekuwa nimeamini mambo mengi ya uongo. Tatu, plazima ambayo sukari yake imeuliwa: tunaongeza oksidasi ya glukosi, kimeng'enya kinachoila, pamoja na katalasi ya kusafisha mabaki yake, tunaacha nusu saa, ndipo tunatia kihisi. Ikisoma sifuri au karibu yake, basi kile ulichokuwa ukikiona kilikuwa glukosi kweli. Ikibaki juu, kuna kingine kinachodakwa. Mtuhumiwa wa kwanza ni galaktosi, maana kimeng'enya hicho karibu hakiigusi kabisa, na kihisi kinaipenda.

Kisha jaribio la kuzimua. Sampuli moja, mara 25, mara 50, mara 100, uzidishe kurudi nyuma. Plazima safi ilitupa milimola 3.1, 3.2 na 3.1. Ile ya rangi ya rozela ilitupa 2.5, 2.8 na 3.1. Ukiona jibu linapanda kadiri unavyozimua, plazima inakizima kihisi, na suluhisho ni kuzimua zaidi au kuitupa sampuli. Mimi huitupa.

Na jaribio la kuongeza. Kwenye plazima iliyozimuliwa ongeza glukosi ya kutosha kupandisha kisima kwa mikromola 20, uone zinarudi ngapi. Kama kisima kilisoma 62 na sasa kinasoma 81, zimerudi 19, asilimia 95. Wengi wetu hukubali kati ya 80 na 120. Sisi tulikuwa tunapata 97 hadi 103, tukajiona mabingwa.

Hapo ndipo tulipokwama kwa wiki tatu. Tulipeleka plazima ileile kwa jirani zetu wenye kipimo cha heksokinasi, na sisi tukawa juu yao kwa asilimia kumi, kila mbuzi, bila kukosa. Tukamshika galaktosi kwanza: oksidasi ikasema hapana, sampuli zinashuka hadi sifuri. Tukashika pH. Tukashika kipofu, akatoka safi. Kuna aliyependekeza tutumie glukomita, kile kipimasukari cha mkononi, kama mwamuzi, nikakataa. Vijiti vile vimetengenezwa kwa damu ya binadamu, mbuzi ana seli nyekundu kwa kiasi kidogo kuliko sisi, na seli zikipungua vijiti vingi husoma juu. Mwamuzi mwenye makengeza wa nini?

Jibu lilikuwa kwenye kopo. Nilikuwa nimepima glukosi ya viwango kwa kutumia gramu 180.16 kwa moli, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Kopo jipya, kwa herufi ndogo chini ya jina, lilisema monohidrati. Kila molekuli ya glukosi imebeba molekuli moja ya maji, na uzito wake ni 198.17. Kwa hiyo kiwango nilichokiita 640 kilikuwa 582, na kila mbuzi aliyelinganishwa nacho alipandishwa sukari kwa asilimia kumi ya maji yangu.

Angalia kilichoniuma zaidi. Jaribio la kuongeza lilipita vizuri kabisa, kwa sababu glukosi niliyoongeza ilitoka kwenye chupa ileile yenye kosa. Kosa lilijilinganisha na lenyewe na kujikuta sahihi. Tangu siku hiyo glukosi ya kuongeza natengeneza kutoka kopo tofauti na la viwango, ikiwezekana la kiwanda tofauti, na anaitengeneza mtu mwingine. Na kama unalinganisha na kipimo cha oksidasi, acha mmumunyo mpya wa glukosi ukae mezani saa mbili au usiku kucha: glukosi ikiyeyuka huhitaji muda kugawanyika kati ya maumbo yake mawili, na oksidasi inakula moja tu kati ya hayo.

Namna ya kulinganisha nayo ina mtego. Mwanafunzi mmoja alinichorea namba zetu dhidi ya za jirani, akaniletea uhusiano wa 0.99, ambapo 1 ndiyo mwisho, akitabasamu. Ulikuwa 0.99 wakati tulipokuwa tumekosea kwa asilimia kumi, na ulibaki 0.99 tuliposahihisha. Uhusiano unakuambia mnapanda na kushuka pamoja, haukuambii kama mko mahali pamoja. Chora tofauti ya vipimo viwili dhidi ya wastani wake, kama wanatakwimu Bland na Altman walivyoonyesha mwaka 1986. Kosa langu la maji lingejitokeza mara moja: tofauti ilikuwa ikikua kadiri sukari inavyokua. Kosa la mng'ao wa plazima yenyewe lingekaa karibu palepale kwa mbuzi wote, mwenye sukari nyingi na mwenye kidogo.

Baada ya kusahihisha tulirudia mbuzi 24. Ishirini na wawili wakakaa karibu na sifuri, wengine juu kidogo, wengine chini kidogo. Wawili walikuwa mbali. Nikatoa vijitube vyao: mmoja wa waridi, yaani himoglobini, na ulipaswa kutupwa tangu asubuhi. Mwingine ulikuwa wa manjano safi, na kwenye daftari imeandikwa kwa mkono wangu kwamba ulisahaulika kwenye boksi ambalo barafu yake ilikuwa imeyeyuka. Nilikuwa nimewaelekeza wanafunzi waandike saa ya kuchukua damu na saa ya kuzungusha. Mmoja aliandika. Ile saa ndiyo iliyomwokoa mbuzi asiitwe mgonjwa.

Plazima gandisha kwenye vijitube vidogo, kimoja kwa matumizi ya siku moja, usiyeyushe na kugandisha tena. Kihisi nacho hivyohivyo, nyuzi hasi 80. Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia kama kuna baridi. Nilipoweka kipimajoto chenye waya wa nje, zile safari za kufungua mlango kwa wasiwasi zikakoma. Na ukizalisha kundi jipya la kihisi, rudi kwenye mchirizo na kwenye kipofu wako tangu mwanzo, hata kama limetoka kwa bakteria walewale. Kundi letu la tatu lilikuwa na nusu yake kwenye mikromola 71, na mpaka leo tunalihesabia hivyo.